Fomula si Kiingereza

Imekita mizizi nchini Kenya dhana kwamba kemia haisemeki kwa Kiswahili. Hata miongoni mwetu tunaokisomea Kiswahili chuoni, wapo wanaokitetea kwa ari katika ushairi na riwaya, kisha wakafyata ulimi fomula inapotajwa. Ni maoni yangu kwamba dhana hii ni potovu na kwamba ina madhara. Soko la Kenyatta jijini Nairobi latosha kuwa ushahidi.

Soko hilo lasifika kwa mambo mawili: nyama choma na ususi. Kando ya nyama iliyokatwa huwekwa chumvi. Katika vibanda vya wasusi hupatikana makopo ya kile tunachokiita "dawa" ya kulainisha nywele. Katika vitu hivi viwili mna kampaundi za ioni.

Tuanze na chumvi. Atomu ya sodiamu ina elektroni 11, na moja tu ndiyo iliyo katika mzingo wa nje. Atomu ya klorini ina elektroni 17. Katika mzingo wake wa nje zimo 7, nayo huhitaji moja zaidi ili zitimie 8. Sodiamu hutoa, klorini hupokea. Iliyotoa hubaki na chaji chanya moja, iliyopokea hupata chaji hasi moja. Atomu zimekuwa ioni, Na⁺ na Cl⁻, nazo huvutana. Kwa kuwa chaji zimelingana moja kwa moja, fomula ni NaCl.

Sasa tuyatazame makopo ya msusi. Aina moja ya dawa hutumia hidroksidi ya sodiamu, NaOH. Aina nyingine, inayosifiwa kwa kutokuwa na kemikali hiyo, mara nyingi hutumia hidroksidi ya kalsiamu. Ioni ya kalsiamu hubeba chaji chanya mbili, ilhali kila ioni ya hidroksidi hubeba hasi moja. Basi zinahitajika hidroksidi mbili, nasi huandika Ca(OH)₂. Metali hutangulia, mabano huonyesha kwamba kundi zima limerudiwa, tarakimu ya chini hutaja idadi, ila moja haiandikwi. Anayeelewa fomula hizi mbili huona papo hapo kwamba OH imo katika makopo yote, na kwamba sifa ya kopo la pili haimaanishi kuwa haliwezi kuunguza ngozi ya kichwa. Neno "dawa" halimwambii mteja lolote kuhusu hatari hiyo.

Mwanafunzi wa sarufi hana sababu ya kuyaona haya kuwa mageni. Kitenzi "lala" hutosheka na mtenda peke yake. Kitenzi "pa" hudai mpaji, mpewa na kitu kinachotolewa. Wanaisimu huiita sifa hiyo valensi, istilahi iliyoenezwa na Mfaransa Lucien Tesnière katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka wa 1959, naye aliiazima kutoka kemia. Isimu, basi, ina deni kwa kemia, na dawa ya deni ni kulipa.

Watakaopinga watasema kwamba istilahi hatuna. Hoja hiyo ilijibiwa zamani: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka wa 1990. Wengine watasema kwamba fomula ni mali ya Kiingereza. Je, herufi Na zimo wapi katika jina la Kiingereza la sodiamu? Hazimo. Zimetoka katika neno natrium la Kilatini cha wanasayansi, lenye asili moja na natron, ambalo Waarabu huliita natrun. Jina hilo tunalo kaskazini mwa Tanzania, katika Ziwa Natron; na upande wa Kenya, Ziwa Magadi limejaa kitu chenyewe. Magadi tunayolainishia mboga yana kabonati ya sodiamu. Ioni ya kabonati hubeba hasi mbili, hivyo sodiamu mbili huhitajika: Na₂CO₃. Mwanafunzi wa London hulazimika kuzikariri herufi hizo sawa na mwenzake wa Nairobi.

Sidai kwamba mtaala wa shule ubadilishwe kesho. Ninachodai kimo katika uwezo wetu. Kila chama cha wanafunzi wa Kiswahili kishirikiane na wanafunzi wa kemia kuandika vijitabu vya kurasa chache kuhusu kemikali zinazotumiwa sokoni, kwa istilahi zilizokwisha sanifiwa badala ya kubuni nyingine kila mwaka. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hadhi hiyo itamfaa nini msusi wa Soko la Kenyatta, ikiwa lugha yenyewe haiwezi kumweleza kilichomo katika kopo alilolishika?