Tanuri la babu halivunjwi!
Washikaji wa mjini mkisikia Sumbawanga mnawaza uchawi tu, wakati jina lenyewe linasema utupwe! Haya, sikieni la chuma. Shambani kwetu Ufipa limesimama ilungu, tanuri la udongo refu kama mita 3, alilojenga baba yake babu. Mivuba halikuhitaji, upepo ulijipenyeza wenyewe kwenye matundu ya chini. Chuma kikitoka hapo kilisafishwa kwenye kintengwe, kitanuri kidogo, hicho sasa ndicho cha mivuba, ndipo wakafua majembe. Yalipokuja majembe ya meli kwa bei chee, kazi ikafa.

Sasa binamu anataka kulibomoa apande mahindi. Nimemwambia ng'o! Kanuna, na trekta keshalikodi la Jumamosi. Mimi tiketi ya basi la kesho ninayo mfukoni.