Nywele Zipi Zinazomzuia Mtu Kukomunika?



Wapendwa taifa la Mungu, juma hili nimefikiwa na waamini wachache, watu wazima ninaowaheshimu, wakiniomba nitangaze Dominika kwamba kijana wa kiume mwenye rasta, hereni au suruali ya kushushwa kwa mtindo wa “kata K” asipewe Komunyo. Waliomba kwa unyenyekevu, nami nawajibu kwa unyenyekevu: sitatangaza.

Kanuni ya 843 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 hainiruhusu kumnyima sakramenti mwamini anayeiomba kwa wakati ufaao, aliyejiandaa vema na asiye na kizuizi cha kisheria. Kanuni ya 915 yataja, pamoja na wengine, wanaong’ang’ania dhambi kubwa iliyo wazi. Nimeisoma tena. Nywele hazimo.

Nitaambiwa kwamba Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kuwa nywele ndefu ni aibu kwa mwanamume. Ni kweli, sura ya 11. Lakini Matendo 18:18 yasimulia kwamba alinyoa kichwa kule Kenkrea kwa sababu ya nadhiri. Na mtu hatimizi nadhiri ya namna hiyo pasipo kuziacha kwanza nywele ziote! Samsoni naye alikuwa na vishungi saba, na wembe ndio uliomponza.

Haya si mapya nchini mwetu. Mnamo 1967 na 1968 serikali iliendesha kampeni ya kuwavua Wamasai lubega na kuwavika suruali. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukaamua kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 1969, kwa Operesheni Vijana, sketi fupi, mawigi na suruali za kubana vipigwe marufuku. Leo lubega ile ile twaiweka kwenye picha za kuwaitia watalii. Jirani zetu Wamakonde nao, wazee wenye nembo usoni, walichekwa sana walipofika mijini.

Kuhusu kata K, simtetei mtu. Nguo ya ndani ina jina lake kwa sababu yake, na kijana wa namna hiyo nitamwita pembeni nimwambie avae mkanda. Lakini kumwonya mtu pembeni ni jambo moja, na kumfukuza mezani pa Bwana mbele ya watu ni jambo jingine kabisa.

Tena, mbona macho yetu ni makali kwa upande mmoja tu? Twamjua sote mnunuzi wa kangomba: yule anayemfuata mkulima mwenye mgonjwa au mwenye mtoto wa kupeleka shule, akajipatia korosho zake kwa bei ya kutupa kabla hazijafika ghalani. Huyo akija kanisani na suti na viatu vya kung’aa, twamsogezea kiti cha mbele na kumpa shikamoo hata akiwa mdogo wetu. Sijaletewa bado ombi la kumzuia huyo. Mtume Yakobo, sura ya pili, aliliona jambo hili hili la pete ya dhahabu na mavazi mazuri, akaliita ubaguzi.

Sisemi haya kama mtu asiye na hatia. Miaka kadhaa iliyopita, katika kigango nisichokitaja, kijana mwenye rasta alizuiwa mlangoni. Niliambiwa nikiwa navaa kwa ajili ya Misa, nikanyamaza kwa sababu tulikuwa tumechelewa. Nilipomtafuta baada ya miezi, nilimkuta kijiweni na bodaboda yake. Akaniamkia kwa heshima zote, kisha akasema, “Padre, niliambiwa nikanyoe kwanza.” Mama yake alipofariki, nilimwona amesimama nje wakati wote wa Misa ya mazishi. Jeneza lilipotoka, ndipo alipoingia kati ya wabebaji. Sijui kama amewahi kurudi kanisani tangu siku ile.

Basi, wahudumu wa mlangoni: Dominika ijayo asirudishwe mtu kwa ajili ya kichwa chake. Wazee wangu walioleta ombi, karibuni ofisini Jumanne baada ya Misa ya asubuhi. Nitafurahi tukilizungumza, na chai itakuwepo.

Wenu katika Kristo,
Paroko