Mwizi wa Simu Yako Hakai Kwenye Waya

Onyo hili limeshazunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp: usichomeke simu kwenye tundu la USB la stendi, la uwanja wa ndege au la kiti cha basi, kwa sababu wezi wamejificha humo na watakunyonya picha, namba na pesa. Wengi wanaliamini, na wanaolisambaza wana nia njema. Lakini linawafanya watu waogope tundu lisilowaibia, kisha wamkabidhi simu mtu wasiyemjua.

Onyo lenyewe lilianzia Las Vegas, Agosti 2011, kwenye mkutano wa wadukuzi uitwao DEF CON. Watafiti waliweka kibanda cha kuchaji bure, na aliyechomeka simu akakuta skrini ya kibanda inamwonya. Lilikuwa somo, hakuna aliyeibiwa. Mwandishi wa habari za usalama wa mtandao, Brian Krebs, akaliandika na hofu ikasambaa. Aprili 2023 ofisi ya FBI ya Denver ikalirudia kwenye Twitter, bila kutaja hata mtu mmoja aliyepoteza kitu. Miaka yote hiyo, hakuna tukio lililothibitishwa hadharani la msafiri wa kawaida kuibiwa kwa njia hiyo.

Simu nazo zimebadilika. Tangu 2013 iPhone hukuuliza kwanza kama unaiamini kompyuta uliyoiunganisha. Android, tangu toleo la 6 la mwaka 2015, hupokea umeme tu mpaka wewe mwenyewe uruhusu zaidi. Ni kweli, mwaka 2025 watafiti wa chuo kikuu cha teknolojia cha Graz, Austria, walionyesha namna ya kuidanganya simu ijiruhusu yenyewe. Apple na Google wakatoa marekebisho. Anayesasisha simu yake, na asiyebonyeza "ruhusu" ovyo, achaji ndani ya basi kwa amani.

Sasa twende kwenye kibanda cha kuchajia simu, pale gulioni au pembeni ya stendi, ambako umeme wa nyumbani haujafika au umekatika. Unalipa shilingi mia kadhaa, unaandikiwa namba kwenye kipande cha karatasi, unaenda zako kwenye shughuli na kurudi jioni. Simu yako imelala mezani pamoja na nyingine nyingi, laini ikiwa ndani. Wenye vibanda wengi ni waaminifu, na bila wao vijiji vingi visingekuwa na mawasiliano. Lakini meza hiyo hufikiwa na kila mpita njia.

Mtu akiichomoa laini yako na kuiweka kwenye simu nyingine, nenosiri la skrini yako halina kazi tena. Meseji zako zinaingia kwake. Akiomba kusajili WhatsApp kwa namba yako, zile tarakimu sita za uthibitisho zinamfikia yeye, na kama hujaweka uthibitisho wa hatua mbili, ameshaingia. Baada ya hapo mama yako na wadogo zako wanaombwa hela kwa jina lako. Menyu ya pesa nayo inafunguka kwa laini hiyo hiyo, hata kwenye kitochi, na kinachobaki kukulinda ni namba ya siri, ambayo kwa watu wengi ni mwaka wa kuzaliwa. Hakuna udukuzi hapo. Kinachohitajika ni kucha ya kuchomolea laini.

Kwa hiyo, ukiacha simu kwa mtu, toa laini ubaki nayo. Kama ni kitochi chenye betri ya kutoka, na kibanda kinachaji betri peke yake, acha betri uondoke na simu. Na weka PIN ya laini, ambayo ni tofauti na namba ya siri ya pesa: laini ikihamishiwa simu nyingine inaidai kwanza, na ikikosewa mara tatu inajifunga.

Tatizo ni kwamba wateja wengi hawajawahi hata kuambiwa kuwa PIN hiyo ipo. Tanzania ilituamuru sote kusajili laini kwa alama za vidole, tukapanga foleni ndefu mwishoni mwa 2019 na Januari 2020. Kampuni za simu zilimshika kila mteja kidole. Hadi leo kila laini mpya inapita mikononi mwa wakala wao, na kumsaidia mteja kuweka PIN ya laini pale pale mezani hakuchukui hata dakika mbili. Wanasubiri nini?