Daktari wa usingizi aliyeiamsha kompyuta

Wiki hii naomba mashosti wanisamehe, mambo ya mapenzi tunayaweka kando kidogo. Nataka tuongelee viraka. Siyo viraka vya suruali, la hasha! Ni viraka vya kompyuta, tena vile vinavyowekwa ndani kabisa, kwenye moyo wa mashine. Usifungue ukurasa mwingine, kuna kisa humu ndani!

Kila kompyuta ina programu moja kubwa inayokaa chini ya zote, inaitwa keneli. Hiyo ndiyo inayogawa memori, inayoongea na kibodi, diski na spika, na inayoamua programu ipi ipate prosesa sasa hivi na ipi isubiri. Huioni, lakini ikilala na wewe umelala. Keneli ya Linux ilianzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki kule Finland, Linus Torvalds, akiwa na umri wa miaka 21 tu. Hata wewe unayejidai hujawahi kuiona Linux, kama simu yako ni Android basi unayo mfukoni.

Mwaka 1992 kijana yule akaiweka chini ya leseni inayomruhusu mtu yeyote kuichukua, kuisoma, kuibadilisha na kuigawa, mradi naye asiwafiche wenzake alichobadilisha. Ruhusa hiyo ndiyo iliyozaa mafundi viraka duniani kote. Kiraka chenyewe ni faili ya maandishi tu. Mstari wenye alama ya kutoa unaondolewa, wenye alama ya kujumlisha unaongezwa. Kuna programu ndogo inaitwa patch, iliyoandikwa na Larry Wall mwaka 1985, kazi yake ni kukibandika kiraka mahali pake. Basi.

Sasa sikilizeni kisa. Huko Melbourne, Australia, kulikuwa na daktari wa usingizi, yule anayekuchoma sindano ulale kabla hujapasuliwa. Jina lake Con Kolivas. Ukompyuta hakusomea, alijifundisha mwenyewe baada ya kazi. Kilichomkera ni kwamba Linux ilikuwa inasifiwa kwenye mashine kubwa za makampuni, lakini nyumbani ukiwa unasikiliza muziki huku kompyuta ina kazi nzito, wimbo unakatikakatika na mshale wa mausi unagomagoma. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 akawa anatoa viraka vyake, vikajulikana kwa herufi mbili tu, ck. Washabiki wakawa wengi, kila toleo jipya likitoka wanamngoja daktari.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa kwenye zamu. Chukulia bomba la maji la mtaa wenu. Kuna mtu kaja na mapipa kumi kwenye mkokoteni, na kuna bibi ana kidumu kimoja cha kupikia chai. Msimamizi wa zamani wa keneli alikuwa anajaribu kukisia nani ana haraka kwa kumtazama sura. Akipatia, mambo bomba. Akikosea, bibi anasimama juani mpaka mapipa yajae, chai hainyweki! Daktari akasema acha kukisia sura za watu. Mpe kila mmoja kipande chake kidogo cha muda, kwa usawa, halafu zungusha. Mwenye kidumu atajaza na kuondoka, mwenye mapipa ataendelea taratibu.

Mwaka 2007 akatoa kiraka cha mgawo huo wa haki. Watu wakakijaribu, wakakisifia, ikaonekana sasa kitaingia kwenye keneli rasmi. Bwana we! Mwezi Aprili mwaka huohuo akaibuka Ingo Molnár, aliyekuwa anatunza sehemu hiyo ya keneli, akiwa na mgawo wake mpya uitwao CFS. Alisema mwenyewe kwamba tangu mstari wa kwanza mpaka kuutoa hadharani alitumia saa 62. Wa Molnár ndio uliochukuliwa, ukatoka kwenye toleo la 2.6.23 Oktoba 2007. Daktari akafungasha virago tangu Julai.

Nisije nikaonekana nachochea, nawapa pande zote. Molnár alimtaja Kolivas waziwazi kwamba ndiye aliyethibitisha kuwa mgawo wa haki unawezekana. Naye Torvalds alieleza hofu yake, kwamba kuandika ni jambo moja, lakini alitaka mtu ambaye ana uhakika atabaki kuutunza na kusikiliza malalamiko ya wanaoharibikiwa. Mimi naielewa hofu hiyo. Lakini pia nauelewa uchungu wa daktari. Mtu unakesha miaka, wazo lako linashinda, halafu wewe mwenyewe unabaki nje ya mlango.

Alirudi mwaka 2009 na kiraka kingine, jina lake refu siliandiki hapa maana gazeti hili linasomwa na mashemeji, ila kwa kifupi kinaitwa BFS. Safari hii wala hakuomba kiingizwe popote. Anayetaka achukue, asiyetaka aache. Mwaka 2016 akakiboresha kikawa MuQSS, na mwaka 2021 akatundika daluga. CFS nayo ikaja kupokewa na mgawo mwingine uitwao EEVDF mwaka 2023. Hakuna mtemi wa milele mjini!

Mtauliza, sasa hayo yanatuhusu nini sisi watu wa Bongo? Yanatuhusu sana. Mtaani kwetu kuna dogo mmoja ana studio chumbani kwake. Laptopu yake ni kimeo cha miaka mingi, memori giga nne, ndiyo inayomlipia kodi ya chumba na ada ya mdogo wake. Kila akirekodi sauti ya msanii, katikati inasikika kwaru, kwaru, kama redio yenye betri kuukuu. Mteja akisikia hivyo anahamia studio ya pili, na dogo hana ubavu wa kununua mashine mpya. Akaniambia, "Bro, nataka kupika keneli yangu mwenyewe." Nikakaa naye siku mbili kushuhudia, na haya ndiyo niliyoyaona.

Kwanza, kiraka na keneli lazima viwe vya toleo moja. Kiraka cha shati la kijani hukishonei kwenye khanga. Andika uname -r uone unatumia toleo gani, kisha tafuta msimbo wa toleo ambalo kiraka kimeandikiwa, uupate kwa wenyewe, kernel.org, siyo kwa mtu baki. Acha nafasi ya kutosha kwenye diski, giga 20 na zaidi.

Pili, jaribu kabla ya kubandika. Ukiongeza neno --dry-run, programu ya patch inakuonyesha kitakachotokea bila kugusa kitu. Ukiona imeandika FAILED, ujue mistari iliyokuwa inatafutwa haipo au imebadilika. Usilazimishe! Kiraka kilichokaa nusu ni kibaya kuliko tundu.

Tatu, usianze mipangilio kutoka sifuri. Keneli ina maelfu ya maswali ya ndiyo na hapana. Chukua majibu ya keneli unayotumia sasa, yapo kwenye folda ya boot, kisha make olddefconfig inajaza yaliyobaki. Wenye mashine dhaifu hupenda make localmodconfig, ambayo inabakiza draiva zinazotumika saa hiyo tu. Ila kabla ya kuiita chomeka kila kitu chako, maiki, printa, modemu, hata flashi, la sivyo utapika keneli isiyowajua ndugu zako.

Nne ni kupika kwenyewe, amri ni make. Kwenye mashine mpya ni dakika, kwenye kimeo cha dogo ilikuwa usiku kucha, feni inalia kama pikipiki. Saa nane usiku units za LUKU zikaisha, na betri ya laptopu ilishakufa zamani, giza totoro! Dogo akashika kichwa. Lakini umeme uliporudi akaandika make tena, ikaendelea na vilivyobaki badala ya kuanza upya.

Tano, na hili ndilo la maana kuliko yote, keneli ya zamani usiifute. Mpya na ya zamani zinakaa pamoja kwenye orodha inayotokea kompyuta ikiwaka. Mpya ikigoma, unazima, unawasha, unachagua ya zamani, maisha yanaendelea. Na kazi zako za wateja nakili pembeni kabla ya kugusa chochote. Kwa baadhi ya laptopu kuna kitu kinaitwa Secure Boot, kinaikataa keneli isiyo na saini, hiyo ijue mapema.

Matokeo? Kwaru kwaru iliisha. Lakini nisiwauzie mbuzi kwenye gunia: kutoa video bado kulichukua muda uleule. Viraka vya aina hii havimwongezei mtu prosesa, vinapanga zamu tu ili sauti isingoje. Wengine hata kasi ya jumla hupungua kidogo.

Tena kwa wanamuziki kuna habari njema. Kiraka maarufu cha kazi zinazotaka muda kamili, PREEMPT_RT, kilikaa nje ya keneli rasmi karibu miaka 20. Septemba 2024, kwenye mkutano wa Vienna, Austria, Torvalds alikabidhiwa ombi la kukiingiza likiwa limechapwa kwenye karatasi na kufungwa kama zawadi ya harusi, akakubali. Kuanzia toleo la 6.12 huna haja ya kubandika, unachagua tu kwenye mipangilio. Dogo alitumia njia hiyo kwa keneli yake ya pili.

Sasa upande wa noma. Ukipika keneli yako, wewe ndiye fundi wake. Matundu ya usalama yakigunduliwa, hakuna anayekuletea dawa, lazima upike upya. Na kiraka cha mtu usiyemjua kinaingia mahali ambapo kila siri yako inapita. Machi 2024 iligundulika kwamba mtu aliyejiita Jia Tan alijenga uaminifu kwa miaka kwenye programu ya kubana mafaili iitwayo xz, halafu akapenyeza mlango wa siri. Aliyemnasa, Andres Freund, alishtuka kwa sababu kuingia kwenye mashine kulichelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde, jamani! Kwa hiyo chukua viraka vinavyotumiwa na wengi na kusomwa na wengi, kama vya Zen au BORE, na usipokee cha kijiweni eti kwa sababu mshikaji kasema kinafanya mashine ikimbie.

Ushauri wangu kwa vijana ni huu. Kama kompyuta yako haina shida, iache, usitafute ugonjwa. Kama ina shida unayoweza kuitaja kwa jina, kama ile ya sauti, jaribu, maana ruhusa unayo na gharama ni muda wako. Na ukikuta kosa, ukalitibu, litume na wewe. Yule wa Melbourne hakuwa na cheti cha kompyuta wala cheo kwenye keneli, lakini kwa miaka 16 hivi mgawo wa zamu kwenye mashine nyingi duniani ulifuata wazo alilolithibitisha yeye.

Msimamizi wa bomba la mtaani kwetu naye namwomba asome safu hii. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa, tutarudi kwa mashosti!