Ngano Zirudishiwe Hadhira Yake

Mwanafunzi wa fasihi simulizi anapotumwa nyanjani, mtu wa kwanza anayeelekezwa kumtafuta ni mzee. Huketi naye chini ya mwembe, hunasa ngano mbili tatu kwa kinasasauti, kisha huaga. Ngano hizo huishia katika tasnifu ambayo husomwa na msimamizi na watahini, halafu hufungiwa rafuni. Aghalabu, hatua chache kutoka kwa mzee huyo pana shule ya chekechea iliyojaa watoto, yenye mwalimu mmoja tu. Hakuna anayefikiria kumwalika huko. Hadhira yenyewe ya ngano imerukwa.

Marekani walilivalia njuga suala hili mapema. Mwaka wa 1965 serikali yao ilianzisha mpango wa Foster Grandparents, ambapo wazee wenye kipato kidogo huwasaidia watoto wenye mahitaji na kupewa posho ndogo. Katika miaka ya 1990 ukafuata Experience Corps, uliobuniwa na Linda Fried, daktari wa maradhi ya uzeeni, pamoja na Marc Freedman. Mjini Baltimore, watu wa miaka 60 na zaidi waliingia katika shule za msingi za umma kwa saa 15 kila wiki kuwasaidia watoto kusoma. Mantiki yake ni nyepesi: mzee anayeshauriwa afanye mazoezi kwa ajili ya afya yake huchoka upesi, ilhali anayejua kuwa kuna mtoto anayemngojea hutoka nyumbani hata siku ya manyunyu. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2015 ulionyesha kuwa miongoni mwa wanaume walioshiriki, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu haikusinyaa jinsi ilivyotarajiwa kwa watu wa umri wao.

Yupo atakayesema kwamba haya si mageni Afrika. Kwamba bibi ndiye chekechea ya kwanza. Kauli hiyo ni kweli nusu. Nyanya aliyeachiwa mayatima na UKIMWI kule Nyanza hakujitolea. Alitwishwa mzigo, na kumwongezea watoto wa wengine ni dhuluma. Anayezungumziwa hapa ni yule mwalimu, karani au muuguzi aliyestaafu akiwa na miaka 60, mwenye nguvu bado, ambaye wajukuu wake wako Nairobi na humwona Desemba pekee. Huyu hana wa kumsimulia.

Kimani Maruge alipojiandikisha darasa la kwanza mjini Eldoret mwaka wa 2004, akiwa na miaka 84, ulimwengu ulistaajabu. Yaliyosemwa mno ni aliyokwenda kujifunza. Machache yalisemwa kuhusu walichopata watoto waliosoma pamoja naye.

Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti elimu ya chekechea. Isitoshe, sera ya lugha hutaka mtoto wa madarasa ya awali afunzwe kwa lugha ya eneo lake, jambo ambalo mwalimu kijana aliyelelewa mjini hukwama nalo. Mzee hakwami. Asubuhi mbili kwa wiki zatosha, mwalimu akiwepo darasani wakati wote, na mzee arudishiwe nauli. Suala la nauli lisidharauliwe: mpango wa Inua Jamii humpa mwenye miaka 70 au zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, na kujitolea kusikomlaza mtu njaa ndiko kutakakodumu.

Kaunti zikikawia, vyama vya Kiswahili vyuoni havina sababu ya kungoja. Mwanafunzi atakayekwenda nyanjani muhula ujao anaweza kumwomba mzee airudie ngano ileile siku ya pili, darasani, kinasasauti kikiwa kimezimwa. Watoto watamkatiza. Watauliza fisi anaishi wapi na kama ana mama. Watadai wimbo uimbwe tena, na mzee atalazimika kuukumbuka ubeti ambao mtafiti hakuuliza.