Jumapili Ukingoni mwa Maji, Kule Lindi

Ukimwambia mwanao kwamba Jumapili hii mnakwenda Lindi, huenda akafungua ramani akuonyeshe mji wa bandari ulio kusini mwa Tanzania. Mwambie aifunge. Lindi ya leo ni mojawapo ya vijiji vya Kibera, hapa hapa Nairobi, na safari yake ni ya matatu tu. Haina bahari, lakini upande wake wa chini unapita Mto Ngong, na mbele kidogo mto huo huingia katika Bwawa la Nairobi. Kwa hivyo, ndugu msomaji, hata Kibera ina ufuo wake.

Anzeni asubuhi pale Makina. Hapa wanaishi Wanubi, wazao wa askari wenye asili ya Sudan waliotumikia jeshi la King's African Rifles na kupewa makao mahali hapa mwanzoni mwa karne ya 20. Hata jina Kibera limetokana na neno lao, Kibra, yaani msitu. Lugha yao, Kinubi, ilizaliwa kutokana na Kiarabu. Walikaa zaidi ya miaka mia moja kabla ya kukabidhiwa, mwaka 2017, hati ya ekari 288 za ardhi. Wasalimu wazee, kisha uliza ni wapi wanauza gurusa, mkate wao mwembamba unaopikwa kwenye chuma. Tazama pia kawa za kufunikia chakula, zilizosukwa kwa rangi zinazong'aa.

Kwa ununuzi, soko la Toi haliko mbali. Mama mwenye watoto wa shule anaijua thamani yake: viatu, makoti na suruali za mitumba. Fika mapema kabla nguo nzuri hazijachaguliwa, na usione haya kushindania bei. Mwanafunzi anayetafuta zawadi aulizie mafundi wa Kibera wanaochonga mifupa ya ng'ombe kuwa hereni, bangili na shanga.

Sasa teremkeni Lindi. Vaeni viatu vilivyofunika vidole, mwende mchana, tena pamoja na mwenyeji anayezijua njia. Kamera ibaki mfukoni mpaka uombe ruhusa. Hapa ni nyumbani kwa watu.

Hapo mtoni ndipo mwanao atakapouliza swali gumu: mbona maji ni meusi? Usimkwepe. Mwambie kwamba mtaa usiokuwa na mabomba ya kutosha ya maji taka wala magari ya kuzoa taka hauna pa kupeleka uchafu ila bondeni. Mwambie pia kwamba mto huu hauanzii Kibera. Unashuka kutoka upande wa Dagoretti na msitu wa Ngong, na kila mtaa unaoupitia huuongezea chake. Maji haya si ya kuchezea, basi watoto wasiyaguse.

Fuateni ukingo hadi bwawani. Bwawa la Nairobi lilijengwa mwaka 1953 ili kuhifadhi maji ya jiji, nalo lina eneo la takriban hekta 35. Palikuwa na klabu ya mashua za matanga, na watu wa mjini walikuja kupunga upepo. Kisha tope, taka na gugu maji vikaja, na kwa miaka mingi sehemu kubwa imefunikwa kijani kibichi kiasi kwamba mgeni hudhani ni shamba.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Lakini haya hayajamwagika, yamefunikwa. Ushahidi kwamba ukingo unaweza kuokolewa upo. Kando ya Mto Nairobi, karibu na Globe, Bustani ya Michuki ilikuwa jaa kabla ya kusafishwa na kupandwa miti. Na Kibera kwenyewe, kuanzia miaka ya 2000, wakazi wakishirikiana na shirika la Kounkuey Design Initiative wamegeuza sehemu za ukingo zilizokuwa majaa kuwa viwanja vya watoto kuchezea na mahali pa kukutania. Ipo Jumapili ambapo utawakuta vijana wenye magunia na reki wakizoa taka mtoni. Hawatakataa mkono wa pili.

Familia nyingi za Nairobi huweka akiba mwaka mzima ili watoto wakaone maji Mombasa. Safari hiyo ni njema, wala sikuzuii. Lakini mtoto wa Lindi asiyekuwa na nauli ya Mombasa amezaliwa hatua chache kutoka kwa maji, na bado hana pa kukaa ayatazame. Hilo ni deni la jiji zima, na wewe unayeishi ng'ambo ya pili umo ndani yake.

Basi mkirudi nyumbani jioni, mezani muulizane: tukitupa mfuko huu wa taka, utaishia wapi?

Jumapili njema.