Ajali haina kinga? Nani kasema!

Nimekuwa kimya wiki mbili hizi, wasomaji wangu. Sikuumwa wala sikusafiri. Nilikuwa natafuta kiti. Msicheke, si kiti cha ubunge. Ni kiti cha mtoto cha kwenye gari, na katika kukitafuta huko, kutoka Mnazi Mmoja mpaka Msimbazi, nimejifunza mambo ambayo nikikaa nayo kimya nitapasuka.

Kisa ni hiki. Mpwa wangu, mtoto wa dada, ana miaka miwili tu lakini ana urefu wa sentimita 96. Kwa wasiojua, kwenye chati za ukuaji za Shirika la Afya Duniani (WHO) mvulana wa kawaida wa miaka miwili ana sentimita 87 hivi. Hizo 96 za mpwa wangu ni za mtoto wa miaka mitatu. Mtaani wanamwita Twiga. Makonda wa daladala wanamtaka nauli. Akidondoka na kulia watu wazima wanamwambia "acha utoto, wewe mkubwa", wakati bado anavaa nepi usiku.

Jumamosi moja tulikuwa tunatoka Bibi Titi kuelekea Kariakoo, jirani kabisa na viwanja vya Mnazi Mmoja. Shemeji anaendesha, dada yuko mbele kampakata Twiga. Kiti alikuwa nacho tangu mchanga, ila miguu ilipoanza kufika kwenye mgongo wa siti ya gari, bibi yake akasema mtoto anateseka, mtoeni humo. Kiti kikaenda stoo. Basi bajaji ikachomoka kusikojulikana, shemeji akakanyaga breki. Hatukugonga kitu. Mwendo haukuzidi kilomita 30 kwa saa. Lakini Twiga aliponyoka mikononi mwa mama yake kama sabuni ya kuogea, mdomo ukatua kwenye dashibodi. Damu, kilio, jino moja la mbele nusu limebaki.

Mtu wa kwanza kufika dirishani alikuwa baba mmoja wa makamo, mstaarabu kweli. Akatupa pole, akatikisa kichwa, akasema: "Ndiyo hivyo wanangu, ajali haina kinga."

Jamani, mimi nina ugomvi na maneno haya. Ni maneno mazuri ya kufariji wafiwa, lakini sisi tumeyageuza kuwa sera ya usalama barabarani. Mtoto kapakatwa mbele, ajali haina kinga. Watoto kumi na tano kwenye Hiace ya shule ya siti kumi na nne, na wengine wamesimama, ajali haina kinga. Tunaitaja kinga ambayo hatujawahi kuijaribu, halafu tunatangaza kwamba haipo! Wazee hao hao si ndio waliotuambia kinga ni bora kuliko tiba? Kwa nini hiyo tunaiacha hospitali, ikifika barabarani tunachukua ile nyingine?

Tufanye hesabu kidogo, ile ya fizikia ya fomu tuu. Gari liko kilomita 50 kwa saa, mwendo unaoruhusiwa maeneo ya makazi. Likigonga na kusimama ndani ya nusu mita, kila kilichomo ndani kinasukumwa mbele kwa nguvu ya takriban mara 20 ya uzito wake. Twiga ana kilo 14. Mara 20 ni kilo 280. Hizo ni karibu mifuko sita ya saruji. Nionyeshe mama, au hata baba mbeba vyuma wa gym, anayeweza kuishika mifuko sita ya saruji inayoruka. Mikono ya mama ina upendo wote wa dunia, lakini haina breki. Na mama mwenyewe kama hakufunga mkanda, yeye na kilo zake 70 ndiye atakayembana mtoto kwenye dashibodi.

Sasa tuje kwa Twiga na urefu wake, maana hapa ndipo hata wasomi wanapopotea. Tunadhani mtoto mrefu ni mtoto mkubwa. Si kweli. Mifupa ya shingo yake ina umri wa miaka miwili, haijaungana wala kukomaa. Kichwa chake bado ni kikubwa na kizito ukilinganisha na mwili. Akiwa ameketi kutazama mbele na gari likagonga, kiwiliwili kinashikwa na mikanda lakini kichwa kinakwenda, na shingo ndiyo inayolipa. Akiketi kutazama nyuma, mgongo, shingo na kichwa vinapokelewa kwa pamoja na kiti. Hili si jambo la jana. Mwaka 1964 profesa mmoja wa Sweden, Bertil Aldman, alitengeneza kiti cha mfano cha mtoto cha kutazama nyuma, wazo akiwa amelipata kwa wanaanga wa Marekani wa vyombo vya Gemini, jinsi walivyolazwa migongo yao ipokee kishindo. Mpaka leo Waswidi wanawakalisha watoto wao hivyo hadi miaka minne hivi. Na mwaka 2018 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliacha kutaja miaka miwili kama umri wa kumgeuza mtoto, kikasema atazame nyuma mpaka afikie mwisho wa urefu au uzito wa kiti chake.

"Sasa miguu je?" Swali la bibi yake Twiga, na la kila mtu niliyeongea naye. Miguu ataikunja. Umewahi kumwona mtoto wa miaka miwili amekaa mkekani? Ndivyo anavyokaa, kakunja miguu na wala halalamiki. Mguu kugusa siti si dalili kwamba kiti kimekuwa kidogo. Na hata ikitokea mguu ukavunjika, mguu unafungwa plasta. Shingo haifungwi plasta ukarudi nayo nyumbani.

Kiti kimekuwa kidogo pale kichwa kinapokaribia kufika juu ya mgongo wa kiti. Wamarekani wanasema ukiona zimebaki sentimita mbili na nusu, basi. Au uzito umepita ule ulioandikwa. Au mikanda imemkaa vibaya: akitazama nyuma, mikanda itokee usawa wa mabega au chini kidogo, akitazama mbele, usawa wa mabega au juu kidogo. Ndiyo mambo ya kutazama. Na kwa kuwa kuna watoto warefu wa miguu na warefu wa kiwiliwili, namba ya kwenye kadi ya kliniki haitoshi. Mkalishe mtoto ndani ya kiti umwone. Mtaa wa Kongo hatununui kiatu cha mtoto bila kukijaribu mguuni, iweje kiti cha kubeba uhai wake tunanunua kwa kukisia?

Nikaingia Kariakoo. Duka la kwanza muuzaji akamtazama Twiga juu mpaka chini, akacheka: "Kaka, huyu si mtoto tena huyu. Chukua hiki kikalio, unamweka juu, anafunga mkanda wa gari, mchezo umekwisha." Hapana, mchezo ndiyo kwanza unaanza. Kwa kanuni mpya za Umoja wa Mataifa, viti vya kumwinua mtoto afunge mkanda wa watu wazima vinaanzia sentimita 100, na vile visivyo na mgongo vinaanzia 125. Na hata akifika 100, mtoto wa miaka miwili hatulii. Atautoa mkanda begani, atalala ubavu, atajipenyeza chini. Nyonga zake bado ndogo, mkanda unapanda tumboni, na tumboni kuna ini na utumbo.

Duka la pili wakanionyesha kitu cha kitambaa kitupu, hakina gamba wala mgongo mgumu, kinafungwa nyuma ya siti kwa kamba. Bei poa. Uingereza wakaguzi wa biashara walishawaonya wazazi juu ya vitu hivi. Huku kwetu kimening'inizwa mlangoni pembeni ya mabegi ya shule.

Duka la tatu, mitumba. Viti vizuri, vizito, vya majina makubwa. Nikauliza, hiki kilishapata ajali? Muuzaji akanitazama kama nimeuliza jina la babu yake aliyezaa babu yake. Tatizo la mtumba ndilo hilo: kiti kilichopigwa ajali kinaweza kuwa na ufa ndani usioonekana, na plastiki nayo inazeeka, watengenezaji wengi wanatoa kati ya miaka sita na kumi. Geuza kiti, tazama tarehe iliyochapwa kwenye plastiki chini au nyuma. Tafuta lebo ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara. Ikiandikwa R129 kiti kinapimwa kwa urefu wa mtoto. Ikiandikwa R44 ni kanuni ya zamani, inapimwa kwa uzito. Kwa mtoto mrefu R129 ndiyo rafiki yako, maana inakwambia wazi kiti kinaishia sentimita ngapi. Vipo vya kutazama nyuma vinavyofika 105, na vingine 125. Kiti hakina lebo? Rudisha mahali pake, ondoka.

Kingine, ujue gari lako. Angalia kama siti ya nyuma ina vishikizo vya ISOFIX, na kama mkanda ni wa bega na tumbo au wa tumbo tu. Na kiti cha kutazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi, ule mafundi wanaouita eabegi. Ukifumuka utakipiga kiti chenyewe.

Najua mtasema: mwandishi, haya ni ya wenye hela. Wabongo wengi wako kwenye daladala na bodaboda. Kweli kabisa, na hao wana kesi yao nyingine nzito dhidi ya serikali. Lakini mimi leo naongea na wewe mwenye mkoko. Umeweka rimu, umeweka tinti, umeweka muziki unaotikisa vioo vya Lumumba nzima, halafu kiti cha mtoto ni anasa? Gari lako lenyewe, hiyo IST au Noah, limetoka Japani. Kule tangu Aprili 2000 sheria inamtaka dereva amkalishe mtoto wa chini ya miaka sita kwenye kiti chake. Gari ni lile lile. Limevuka bahari, likashuka bandarini kwetu, na mtoto akahamia mapajani. Je, shingo za watoto wa Kijapani ni laini kuliko za kwetu?

Mtasema pia: sisi tulikua hivi hivi na tuko hai. Ndiyo, tulio hai tuko hai. Waliokufa hawapo hapa wakabishana nasi. Na Mungu ndiye mlinzi, sawa, lakini si tunaambiwa jisaidie nikusaidie?

Waheshimiwa wetu nao wasikae pembeni. Sheria ya Usalama Barabarani imezaliwa mwaka 1973. Chama cha wanasheria wanawake, TAWLA, na wenzao wamepiga kelele miaka mingi kwamba viti vya watoto viingizwe humo. Ripoti ya WHO ya mwaka 2018 ilihesabu nchi 33 zenye sheria ya viti vya watoto inayofikia viwango bora, na sisi hatukuwemo. Shirika hilo hilo linasema viti hivi vinaweza kupunguza vifo vya watoto kwenye ajali kwa angalau asilimia 60. Asilimia 60! Kama hiyo si kinga, neno kinga lina maana gani?

Na sheria ikiandikwa iandikwe kwa akili. Isiseme umri peke yake, kwani akina Twiga watabanwa kwenye viti vilivyowazidi. Isiseme urefu peke yake, kwani akina Twiga hao hao watageuzwa na kuachiliwa kabla shingo hazijakomaa. Urefu uchague ukubwa wa kiti, umri uamue mtoto atazame wapi. TBS nao waseme hadharani lebo zipi zikubalike madukani, na vile vya kitambaa viondolewe milangoni.

Twiga sasa ana kiti. Kimetukausha, sitaficha, mimi na shemeji tumechangishana na kuna harusi tumeikacha. Anatazama nyuma, kakunja miguu, anaona magari yote yanayotufuata na kuyapungia mkono. Bibi yake juzi alipanda naye mpaka Ilala. Hakusema kitu. Aliposhuka akauliza tu: "Na kile cha zamani mmekipeleka wapi?" Nikamwambia nimekata mikanda yake na kukitupa, asije mtu akakiokota akakiuza.

Akaitikia kwa kichwa. Kwa bibi yule, huo ni ushindi mkubwa.

Wewe je, wako anakaa wapi?